Gereji ya Barabara ya Lamu, Malindi: walivyonifungia injini ya 3L kwenye Hilux iliyonoki

Gereji yenyewe haina bango wala jina. Iko Barabara ya Lamu ukitoka mjini Malindi kuelekea Sabaki, ua wa mabati, na asubuhi utakuta pikapu na tuktuk zimejipanga nje. Naiandika kwa sababu kila nikishusha samaki nakutana na swali lile lile: injini ikinoki, yaani ikifa, ufanye ovaholi (kuifungua na kuitengeneza upya) au utafute ya mtumba? Mimi nilitia ya mtumba, hawa ndio walioifunga, na tangu Kaskazi pikapu haijakosa kazi ila asubuhi moja. Nimeridhika nao sana, ingawa yako mawili matatu ninayotaka wayarekebishe.

Gari langu ni Hilux ya dizeli ya miaka ya 90, imekuja na injini ya 2L. Kazi yake ni kutoa samaki Ngomeni kuwaleta mjini, makasha na barafu juu, kupitia Gongoni na Mambrui. Hosi ya chini ya rejeta ilipasuka kabla ya kufika daraja la Sabaki, maji yote yakamwagika, injini ikapata moto mpaka ikajifunga yenyewe. Tukaivuta kwa kamba hadi gereji.

Fundi alifungua hedi mbele yangu, hakunifungulia nikiwa sipo. Hedi ilikuwa na ufa katikati ya vali mbili za silinda ya tatu, na ukuta wa silinda hiyo umechimbika hata ukucha unakwama. Oili kwenye dipstiki imegeuka chai ya maziwa, maana yake imechanganyika na maji. Akanipigia hesabu ya ovaholi: hedi nyingine, kupeleka bloku Mombasa kupanuliwa matundu ya silinda, pistoni, bearingi, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kusagwa. Jumla yake ilikaribia bei ya injini nzima. Akasema, “Mamangu, uamuzi ni wako, mimi zote nafunga.” Hakunisukuma, na hilo si kawaida.

Kwa wasiojua, 2L, 3L na 5L ni ndugu wa ukoo mmoja wa Toyota. 2L ina ujazo wa sisi (cc) 2446, pistoni yake upana wa milimita 92. 3L ina 2779 na pistoni ya milimita 96, na 5L inafika 2986. Hazina turbo hizi wala kompyuta, pampu ya dizeli inaendeshwa na taiming belti, basi. Ndiyo maana 3L inaingia mahali pa 2L bila kukata chuma wala kuchomelea. 5L nayo ingeingia, lakini ilikuwa ghali na mzigo wangu hauidai.

Gereji haiuzi injini. Fundi alinisindikiza Mombasa kuichagua, nikamlipa 2,500 ya siku yake pamoja na nauli, na pesa hiyo ndiyo ninayoiona ilifanya kazi kuliko zote. Duka la kwanza tulionyeshwa injini inang'aa, imepakwa rangi ya fedha juu hadi chini. Fundi akapitisha kidole kwenye ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akakuta silikoni bado laini. Maana yake imefunguliwa juzi na ikafungwa, na rangi inaficha panapovuja. Tukashukuru tukaondoka.

Duka la pili injini ilikuwa chafu, ina vumbi lake na mafuta yake ya zamani, imetoka kwenye Hiace. Hapo fundi akakunja mikono ya shati. Alifungua kifuniko cha oili akamulika tochi ndani kutafuta tope jeusi. Akatoa thamostati kuangalia njia za maji kama zina kutu. Akaizungusha krenki kwa spana taratibu, mizunguko kamili, akisikiliza. Kisha akatoa hita plagi (plagi za kupasha moto) zote nne, akafunga geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, tundu moja moja huku stata inazungusha: psi 410, 400, 405, 395. Kipimo cha Toyota ni kwamba silinda isishuke chini ya 284, na zisipishane kwa zaidi ya 71. Muuzaji alianza kununa kwa kucheleweshwa. Fundi hakumjali. Mwisho ikawashwa pale pale chini, dizeli ikinyonywa kwenye jerikeni. Moshi mweupe ulitoka kidogo ukakatika, na pumzi kwenye kifuniko cha oili ilikuwa ndogo, dalili kwamba pistoni hazivujishi. Tukailipia 145,000 pamoja na giaboksi, stata na altaneta.

Kurudi Malindi, kabla ya kuifunga, fundi alikataa katakata kuiingiza na belti ya zamani. Belti ile hufanya kazi kilomita 100,000, na kwa injini ya mtumba hakuna anayejua imebakisha ngapi. Ikikatika ukiwa njiani, vali zinagongana na pistoni na umerudi ulikotoka. Kwa hiyo ikawekwa mpya pamoja na bearingi ya kuikaza. Vile vile pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki na klachi, vitu ambavyo injini ikiwa nje ni kazi ya dakika, na ikishaingia, kwa sili hiyo na klachi ni kushusha giaboksi upya. Rejeta walipoikata juu tulikuta matundu yameziba magadi. Maji ya visima vyetu huku pwani yana chumvi, na sasa haiingii kitu humo isipokuwa kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Kwa sababu injini ilikuwa ya Hiace, sampu yake haikukaa vizuri, wakahamisha sampu na chujio ya kunyonya oili kutoka kwa injini yangu kuukuu, pamoja na mikono ya mauntini inayoshikilia injini. Hata sensa ya joto walirudisha ya zamani, maana ile iliyokuja ilikuwa inadanganya geji. Mtu mwingine angeniambia niizoee tu.

Sasa lawama zangu. Fundi wa umeme si wao, wanamwita kutoka kwingine, na gari lilikaa limekamilika likimsubiri yeye aunganishe waya mmoja wa pampu. Vitu vidogo kama klipu, gasketi na oili havikuwa kwenye makadirio ya mwanzo, viliongezwa kimoja kimoja. Na eksozi ilikuwa inapuliza kwenye maungio, ikabidi niirudishe. Waliitengeneza bure, lakini nilipoteza samaki wa asubuhi.

Barabarani tofauti naiona pale mlimani ukishavuka Sabaki na mzigo. Zamani tulipanda kwa gia ya pili tukilia, sasa ya tatu inavuta. Dizeli inakula zaidi kidogo kuliko zamani. Sindano ya joto inakaa chini ya nusu hata jua la saa saba.

Ufundi walinitoza 22,000, bila vipuri. Ukienda, ulizia bei ya kila kitu mwanzo, iandikwe. Na ukinunua injini hakikisha risiti ina namba iliyogongwa kwenye bloku, pamoja na nakala ya karatasi za kuiingiza nchini, kwa sababu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watazitaka. Namba ya injini ikibadilika gari linakaguliwa na logibuku (hati ya umiliki) inarekebishwa, la sivyo utasumbuka kwa polisi na kwa bima. Fundi mwenyewe alinikumbusha hilo kabla sijafungua mkoba. Ijumaa baada ya saa sita wanafunga kwa swala, kisha wanarudi hadi magharibi.