Alama Zisizoonekana kwenye Ramani ya eTrex 22x

Habari zenu, watazamaji. Leo nipo Moshi, kando ya Mnara wa Saa, nikiwa na Garmin eTrex 22x, kifaa cha GPS cha mkononi ninachokitumia katika jiokachingi, yaani ule mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo, ulioanza Oregon, Marekani, mwaka 2000. Sitakisifia sana: kina uzito wa gramu 142 pamoja na betri zake mbili za AA, ambazo hata duka la mtaani huwa nazo, na mvua ya masika haikitishi. Ninalotaka kulichambua ni hili: umehifadhi alama ya mahali, lakini kwenye ramani huioni.

Usiifute. Fungua orodha ya alama, kisha usome umbali wa kutoka ulipo hadi kwenye alama, ulioandikwa pamoja na jina lake, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayokuambia ulikosea wapi.

Alama ya mnara huu niliiandika nikiwa nyumbani, na nilipofika hapa orodha ikanionyesha zaidi ya kilomita 700. Kosa lilikuwa langu: niliiacha herufi N mahali pa S, digrii 3 za kusini zikawa za kaskazini, na mnara wa Moshi ukahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa jangwa la Chalbi.

Umbali ukiwa kama kilomita 20, kagua namna ya kuandika namba. Vikasha hutangazwa kwa digrii na dakika zenye desimali, mathalani 3° 20.9′; ukiandika 3.209 kana kwamba ni digrii tupu, na longitudo ukaifanyia vivyo hivyo, alama itatoka mjini na kuelekea Machame.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la mita 300, kwa sababu alama huonekana vizuri tu, nawe unaifuata kwa imani yote. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zilichorwa kwa datumu (yaani mfumo wa marejeo wa kupimia latitudo na longitudo) ya Arc 1960, ilhali jiokachingi hutumia WGS 84. Kwa hiyo aliyekiweka kifaa katika Arc 1960 ili kilingane na ramani yake ya karatasi, kisha akaandika namba za kikasha bila kukirudisha, atasogezwa takriban mita 300, na ndani ya msitu wa Rau hizo ni mita za kupotezea asubuhi nzima.

Iwapo umbali ni sahihi na bado ramani ni tupu, tatizo ni kipimo cha ramani, yaani kiwango ulichoikuza au kuipunguza kwenye skrini. Katika mipangilio ya ziada ya ramani, kila aina ya kitu hupewa kipimo ambacho kikizidi, kitu hicho hufichwa. Mimi nimeweka mita 800. Zaidi ya hapo, kwenye skrini ya inchi 2.2, alama hulaliana hadi huwezi kuzitofautisha. Waliopakua vikasha kwa faili la GPX, yaani faili la kuhamishia data ya mahali kwenye kifaa, nao wakumbuke kutazama orodha ya vikasha, ambayo ni tofauti na hii ya alama.

Nimeshabadilisha N kuwa S. Umbali sasa unasoma mita 8, na alama imetua katikati ya mzunguko wa barabara, pale ulipo mnara.