Msimu Mpya wa Ukumbi wa Maigizo: Darasa Limelipiku Jukwaa

Ratiba ya miezi mitatu ijayo ya ukumbi wa maigizo wa mtaani kwetu imekwisha kubandikwa, na kwa kuwa nimekuwa mtazamaji wake kwa muda mrefu na mwanafunzi wake kwa muhula mmoja, nitaeleza kipi kinastahili jioni ya mtu na kipi kinaweza kusubiri.

Bango limetawaliwa na tamthilia mbili. Ile ya kuchekesha inarudi kutoka msimu uliopita, na uigizaji wake ni mzuri, ila waigizaji wanapowapa watazamaji mgongo sauti humezwa, na walioketi nyuma hubaki kuwauliza majirani zao kilichochekesha. Atakayekwenda awahi safu za mbele. Tanzia mpya siwezi kuihukumu kabla pazia halijafunguliwa.

Hazina ya ukumbi huu, kwa maoni yangu, ni madarasa ya jioni. Siku moja mwalimu alitupa neno moja tu, "karibu", akamtaka kila mmoja alitamke kwa mgeni anayempenda, kisha kwa ndugu waliyekosana, kisha kwa mtu anayemdai. Mzee mmoja mstaafu, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye mswada, alipofika kwa mdai alikivuta kiti nusu hatua nyuma ndipo akalitamka, nasi tukaangua kicheko, kwani kiti kilikuwa kimekwisha kusema yote. Kasoro ni upangaji wa nafasi: wiki ya mazoezi ya taa na sauti tulihamishiwa stoo ya maleba, tukajifunza kutembea jukwaani huku tukikwepa makanzu yaliyotundikwa, na ratiba mpya inaonyesha mgongano uleule.

Kwa wakazi wasiotaka kujiandikisha kuna maonyesho ya ushiriki, yanayofuata mbinu ya Mbrazili Augusto Boal, aliyeiendeleza katika miaka ya 1970. Igizo fupi kuhusu dhuluma huchezwa hadi mwisho, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kulisimamisha, akapanda jukwaani na kuchukua nafasi ya anayeonewa ili ajaribu njia nyingine. Mara ya mwisho msimamizi aliruhusu mtazamaji achukue nafasi ya mwenye nyumba dhalimu, ambaye papo hapo akageuka mpole, na mjadala ukafa, maana hakuna mpangaji anayeweza kwenda nyumbani na suluhisho la aina hiyo. Sharti la kuchukua nafasi ya anayeonewa tu likizingatiwa, hii ndiyo jioni ambayo ningemshauri mtu asiikose.

Tarehe 27 Machi, Siku ya Maigizo Duniani iliyoanzishwa na Taasisi ya Kimataifa ya Maigizo mwaka 1961, umma utaruhusiwa kutembelea nyuma ya jukwaa. Kuna pia onyesho la vikaragosi kwa watoto, lakini ratiba haitaji umri unaolengwa wala muda wake, na mzazi aliyewahi kumbeba mtoto anayelia kupita magotini mwa watu gizani anajua kwa nini ninalalamika.

Mimi nimekwisha kujiandikisha kwa darasa la pili. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya maoni, nami nimeandika kwamba stoo si darasa.