Muziki wa mataifa ukiwa Kigoma: bando au memori kadi?

Kwa gharama, kadi inashinda. Kusikiliza mtandaoni kwa kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) hula takriban MB 58 kwa saa. Kwa 320, MB 144. Kadi ya GB 8 hubeba zaidi ya saa 130 za kiwango cha 128. Ila gamelani, kundi la ala za kugonga la Indonesia, irekodi kwa 320, tafadhali: mlio wa shaba zake huharibika faili likibanwa mno.

Kwa kugundua vipya, leo kora (kinubi) ya Mali, kesho fado (nyimbo za huzuni) ya Ureno, mtandao hauna mpinzani.

Sabufa nyingi husoma mpangilio wa faili wa FAT32 tu, na kadi za GB 64 huja na mwingine, exFAT. Nyimbo zilizomo kwenye kadi zitoe kwanza, ndipo uifomati kuwa FAT32.

Anayesafiri kwa boti ziwani abebe kadi. Wa Ujiji mwenye mtandao imara, bando linamfaa.