Intl.Collator: nyota nne, ya tano nimeibania

Kama bado unapanga majina kwa sort() tupu ya JavaScript pole sana, ile haijui lugha ya mtu yeyote, inaangalia tu namba ambayo herufi imepewa kwenye Unicode (orodha inayoipa kila herufi namba yake), ndo maana Z kubwa inatangulia a ndogo halafu Ä inatupwa huko nyuma ya z kama haina kwao.

Intl.Collator, kifaa cha kulinganisha na kupanga maneno kilichomo ndani ya JavaScript, unaipa lugha, inapanga vile wenye lugha wanavyopanga. Na hapa ndo utamu ulipo, chukua ä ileile, Mjerumani anaiweka pamoja na a, Mswidi anaipeleka mwisho baada ya z, na hakuna aliyekosea. Mcheki naye ch kwake ni herufi moja, inakaa baada ya h. Wahispania walikuwa na ch na ll zao za kujitegemea mpaka akademia zao za lugha zilipoacha kuzipanga hivyo 1994, ila ukitaka mpangilio wa kizamani, kwenye lugha andika es-u-co-trad na inakubali kabisa. Sijawahi kuihitaji, nimefurahi tu kwamba ipo 😂

Ukiwasha chaguo lake la numeric, faili2 inakaa kabla ya faili10, jamani hii peke yake ingetosha kuniuzia. Ukiweka sensitivity kuwa base, jose na José wanahesabika mtu mmoja, safi kwa sehemu ya kutafuta.

Sasa nyota iliyokatwa. Ukiipa lugha ambayo data yake haipo kwenye mashine, haisemi kitu, inachukua ile ya kawaida ya mashine na kuendelea kama hamna kilichotokea!! Kwenye seva moja ya zamani nilimaliza jioni nzima nachokonoa code yangu natafuta bagi kumbe Kiswidi hakikuwepo humo. Siku hizi kwanza naangalia resolvedOptions().locale, inayotaja lugha iliyoshikwa kweli, inajibu nini, ndo naendelea.

Spidi iko poa ila usiite localeCompare (ile ya kulinganisha maneno mawili papo hapo) pamoja na lugha kwa kila jozi ya maneno, orodha ikiwa ndefu utaona inavuta miguu, tengeneza collator moja halafu compare yake itumie kote.

Halafu hii ni ya kumwonyesha mtu kwenye skrini. Tokeni, nywila, funguo za databesi, usizipitishe huku. Kwa funguo, === ya kawaida ya JavaScript (je, ni sawasawa kabisa?) inatosha, ila tokeni na nywila zina njia zao salama za kulinganishwa.