Fish Out of Water ya Chris Squire: besi inaposhika usukani

Baada ya albamu ya Relayer ya 1974, kila mwanamuziki wa Yes, bendi ya roki ya Uingereza, alikwenda kurekodi albamu yake. Steve Howe alitoa Beginnings, Jon Anderson akaja na Olias of Sunhillow, na Patrick Moraz na Alan White nao hawakubaki nyuma. Ya Chris Squire, mpiga gitaa la besi wa bendi hiyo, iliyotoka mwishoni mwa 1975, ndiyo iliyosimama imara kuliko zote, na sababu ni uamuzi mmoja: hakuna mpiga gitaa la solo. Nafasi hiyo imeshikwa na besi.

Si jambo jepesi. Besi ikipanda juu kuimba, chini hubaki tupu na wimbo hupwaya. Squire alikuwa na dawa. Besi yake ya Rickenbacker hutoa sauti za pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) kwa njia tofauti, hivyo ile ya karibu na daraja, nyuzi zinapoishia, inaweza kukwaruza na kung'aa huku ile ya karibu na shingo ikibaki nzito. Anapiga kwa piki, si kwa vidole, kwa hiyo kila noti ina ncha na haizamishwi na okestra. Pengo linalobaki linazibwa na okestra iliyopangwa na Andrew Pryce Jackman, mwenzake tangu enzi za The Syn, bendi yao ya kabla ya Yes.

"Hold Out Your Hand" inaonyesha yote hayo kwa dakika nne tu. Ogani unayoisikia ni ya Kanisa Kuu la St Paul's, London, na anayeipiga ni Barry Rose, aliyewafundisha Squire na Jackman kwaya walipokuwa wavulana. Bill Bruford kwenye dramu hajazi kila upenyo: snea yake (dramu ndogo yenye mlio mkali) iliyo kavu inaiachia besi nafasi ya kutembea.

Sikiliza "Lucky Seven" kwa makini zaidi. Kila baa, yaani kila mzunguko wa mdundo, ina mapigo saba. Ukihesabu nane kama ulivyozoea, utajikuta umeteleza pigo moja kila mzunguko. Hesabu hadi saba, kisha rudi moja bila kupumua. Ukishaipata, wimbo unakuwa laini ajabu, na saksafoni ya Mel Collins inapita juu yake kana kwamba hakuna hesabu yoyote. Huu ndio wimbo bora wa albamu.

"Silently Falling" ina kipande kikali cha ogani cha Moraz katikati, lakini mwisho wake unarudia maneno yaleyale kupita kiasi. "Safe", karibu dakika 15, inahitaji subira: okestra inapanda, inashuka, inapanda tena, na mara nyingine inamfunika mwenye albamu. "You By My Side" ni tamu, basi.

Kuhusu toleo la kununua, miksi ya awali, yaani namna sauti za vyombo zilivyochanganywa, imebanana. Nyuzi za okestra na besi zinagombania nafasi moja. Toleo la 2018 la kampuni ya rekodi ya Esoteric lina miksi mpya ya Jakko Jakszyk, ambapo vyombo vimetenganishwa na sauti ya Squire imesogea mbele. Lipo pia lenye miksi ya 5.1 (sauti ya spika sita), ila hiyo haina maana kama huna mfumo wa spika za kuzunguka chumba. Ukikuta santuri ya zamani isiyo na mikwaruzo, ichukue: kila upande una dakika kama 21, muda ambao santuri inaubeba bila kudhoofisha besi. Usiisikilize kwa spika ya simu. Nusu ya chini ya besi haitasikika, na utabaki na mkwaruzo mtupu.

Ukiipenda, tafuta Voyage of the Acolyte ya Steve Hackett, mpiga gitaa wa bendi ya Genesis, ya mwaka uleule wa 1975, akiwa na wenzake wa Genesis Phil Collins na Mike Rutherford. Humo gitaa ndilo linaloongoza, na nyimbo ni fupi zaidi kwa jumla.