Sanduku la kilo 2.9: uzoefu wangu wa miaka minne

Siku mizani ya kaunta iliposoma 25.1 ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza sanduku langu lenyewe lina uzito gani. Kikomo cha tiketi yangu kilikuwa kilo 23, kama ilivyo kwa mashirika mengi ya ndege kwenye daraja la kawaida. Nilichuchumaa pembeni ya foleni nikatoa kamusi mbili nene, nikazisukumiza kwenye begi la mkononi, ambalo nalo lilikuwa na kikomo chake cha kilo 7. Niliporudi nyumbani nikalipima sanduku likiwa tupu. Kilo 4.9! Zaidi ya sehemu moja ya tano ya ruhusa yangu yote ilikuwa inaliwa na sanduku kabla sijaweka ndani hata leso.

Mimi ni mkalimani. Husafiri mara saba au nane kwa mwaka, na vitabu na nguo za kazi siwezi kuviacha. Uzito wa sanduku kwangu unapunguza zana za kazi, ndiyo maana nilitumia karibu miezi miwili kutafuta la kulibadili lile.

Kabla sijalipata, lile la zamani likanifia mikononi. Lilitokeza kwenye mkanda wa mizigo likiwa na ufa kuanzia kona ya juu hadi katikati, soksi zinachungulia. Sikutoka kwenye ukumbi wa mizigo mpaka nilipoandikisha ripoti, na nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika kwenye safari nyingi za kimataifa, unakutaka ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na kwa mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Siku hizo zikipita, haki yako ya kudai inapotea. Tunza pia kile kikaratasi chenye namba ya mzigo wanachokupa kaunta.

Ule ufa ulinifundisha kuhusu malighafi kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Ganda lile lilikuwa la ABS, plastiki ngumu ya bei nafuu ambayo haipendi kupinda: ikigongwa sana, inapasuka. Polikaboneti hufanya kinyume chake. Inabonyea, kisha inarudi. Ndiyo plastiki inayotumika kwenye miwani ya usalama ya mafundi, na uwezo huo wa kupinda ndio unaowaruhusu watengenezaji kufanya ganda jembamba, kwa hiyo jepesi, bila kulidhoofisha. Polipropilini nayo ni nzuri na nyepesi zaidi. Alumini inapendeza macho, lakini ni nzito, na ikibonyea inabaki hivyo hivyo.

Ukiwa dukani, lilaze sanduku, bonyeza katikati ya ganda kwa viganja viwili. Likiingia ndani kidogo na kurudi lenyewe, ni dalili njema. Likiwa kavu kama sahani, liache. Halafu soma lebo ya ndani, maana kuna masanduku mengi ya mchanganyiko wa ABS na polikaboneti yanayotangazwa kwa herufi kubwa kuwa ni ya polikaboneti.

Nililolinunua ndilo hili la kilo 2.9, la polikaboneti tupu, la ukubwa wa kati, sentimita 67 kwa 46 kwa 27. Ukijumlisha unapata 140, chini kabisa ya 158 ambazo mashirika mengi huweka kama kikomo cha urefu, upana na kina vikijumlishwa. Kubwa zaidi nilikataa kwa makusudi. Sanduku kubwa hujaa kilo 23 likiwa bado na nafasi, na nafasi ile inakuita uendelee kuweka.

Baada ya safari kama 30, ganda limekwaruzika kila upande na lina kibonyeo kidogo kwenye kona, lakini hakuna ufa. Hapo sina malalamiko. Wasiwasi wote uko kwenye vile vinavyosogea: magurudumu, mpini na zipu. Wauzaji huzungumzia ganda na rangi, ilhali masanduku mengi niliyoona yametupwa yalikuwa na ganda zima na gurudumu moja pungufu.

Langu lina magurudumu manne yanayozunguka pande zote, kila moja likiwa pacha. Kwenye sakafu laini ni raha tupu, nalisukuma kwa kidole huku natafuta pasi mfukoni. Kwenye lami mbovu au mawe ni mateso. Na kwenye mteremko, hata ule wa basi la uwanjani linapopinda, huwezi kuliachia. Magurudumu hayo pia yamejitokeza nje, kwa hiyo ndiyo yanayopigwa kwanza mzigo unapotupwa. La kushoto lilivunjika mwaka wa tatu. Nilinusurika kwa sababu yamefungwa kwa skrubu: nilifunua bitana, nikafungua, nikaweka jipya kwa dakika ishirini. Kama yangekuwa yamepigiliwa ribiti, sanduku zima lingeishia hapo. Angalia hilo kabla hujalipa.

Anayetembea zaidi barabarani kuliko ukumbini namshauri magurudumu mawili, yaliyozama ndani ya kona. Ni muundo wa rubani Robert Plath wa mwaka 1987, na hadi leo ndio unaostahimili ardhi mbaya. Kaka yangu ana la namna hiyo na ameniacha nyuma mara nyingi kwenye changarawe.

Mpini uvute wote, kisha utikise. Wa kwangu ulikuwa na mchezo mdogo tangu dukani nikapuuza, na sasa unayumba kiasi cha kuniudhi. Huu ndio upungufu mkubwa wa sanduku hili: ili kupunguza gramu wamefanya fimbo za mpini kuwa nyembamba mno. Wepesi kwenye ganda naupenda. Kwenye mpini wangeacha chuma zaidi kidogo.

Zipu ni ya safu mbili za meno, na sababu yake ni hii. Zipu ya kawaida ya nailoni inafunguka kwa kuchomekwa ncha ya kalamu, halafu mwizi akiburuta vichwa vyake huku na huku inajifunga tena kama haikuguswa. Kufuli lenye alama ya TSA linawaruhusu wakaguzi wa Marekani kufungua bila kulivunja, basi. Mwaka 2015 michoro ya kuchapisha funguo zake kwa printa za 3D ilisambaa mitandaoni, kwa hiyo kitu cha thamani usikiache humo ukitegemea kufuli. Betri za akiba za kuchajia simu nazo zinapaswa kupanda nawe ndani ya ndege, hata kama sanduku ni imara vipi.

Kuna jambo lingine sikulifikiria. Linafunguka katikati kama kitabu, nusu kwa nusu. Kwenye chumba kidogo unahitaji sakafu yote ili uchukue shati moja. Na halina mfuko wa nje. Mvua kubwa nayo hupenya kidogo kwenye zipu. Nguo za kazi nazifunga kwenye mfuko wa plastiki kwanza.

Ndiyo maana begi langu la ndani ya ndege nimechagua la kitambaa, linalofunguka juu na lenye mifuko miwili mbele. Kwenye kitambaa utaona namba ya denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000: namba ikipanda, uzi ni mnene zaidi. La kwangu ni nailoni ya 1680. Nimeona poliesta ya 600 ikichakaa pembe mapema, ingawa namba peke yake haitoshi, nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta ya unene uleule. Lipime mwenyewe kuanzia sakafuni hadi juu ya kishikio, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huandika vipimo bila magurudumu, na kile kifremu cha kupimia langoni hakiachi magurudumu nje. Mashirika mengi hutaka 55 kwa 40, na kina cha 20 au 23.

Mpini nitaupeleka kwa fundi nikirudi. Kesho alfajiri naondoka, sanduku liko mlangoni limeshafungwa. Mizani ya mkononi inasema 22.4, na kamusi zote mbili zimo ndani.