NGK BP6ES kwenye MGB ya mwaka 1971: plagi yenyewe na gepu yake

Kwa MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, yenye kabureta mbili za SU na distributa ya pointi (mfumo wa zamani wa kuwasha, usio wa elektroniki), plagi ya kawaida ya NGK BP6ES inatosha kabisa, mradi gepu, yaani nafasi kati ya elektrodi ambamo cheche inaruka, uipime mwenyewe kabla ya kuifunga. Gari langu ni la mwaka 1971, injini ya cc 1798, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya chuma cha kusubu, mfumo wa kuwasha bado wa asili. Nimeendesha na plagi hizi kwenye foleni, kwenye milima na safari ndefu za barabara kuu, na sioni sababu ya kuzibadili kwa aina nyingine.

Nilichagua kwa kusoma herufi, wala si kwa kuangalia boksi linalong'aa. B ni uzi wa skrubu wenye kipenyo cha milimita 14. P ina maana kwamba pua ya kauri imechomoza ndani ya chumba cha mwako. E ni urefu wa uzi, milimita 19, na hapo hakuna mjadala. Uzi ukiwa mfupi, cheche inapigwa ndani ya tundu na masizi yanajaa kwenye nyuzi za hedi zilizobaki wazi. Ukizidi, plagi inajitokeza mahali ambapo pistoni inapanda. S ni elektrodi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ukiona R katikati, yaani BPR6ES, ni plagi ileile iliyowekewa rezista ndani ili kupunguza mikwaruzo ya redio. Mwenye mfumo wa kuwasha wa elektroniki achukue hiyo yenye R.

Namba 6 ndiyo kiwango cha joto, na hapa watu wengi wanapotea. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, maana yake inapitisha joto haraka kwenda kwenye hedi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto. Kwa hiyo BP6ES inalingana na Champion N9YC na Bosch W7DC, na ukilinganisha namba peke yake utachukua kitu kingine kabisa. Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanabaki kwenye kauri na kuiba umeme. Juu ya hapo ncha inawasha mchanganyiko kabla ya cheche, na pistoni ndiyo inayolipa.

Sasa gepu. Plagi zangu zilitoka kwenye boksi zikiwa na takriban milimita 0.8, na si kosa la kiwanda, kwa sababu plagi hii inafungwa kwenye injini nyingi tofauti. Kwa MGB ya pointi kipimo ni inchi 0.025, sawa na milimita 0.64. Tofauti inaonekana ndogo sana kwa macho, lakini koili ya zamani ina nguvu yenye mipaka. Umeme unaohitajika kuruka gepu unaongezeka kadiri gepu inavyopanuka na kadiri shinikizo ndani ya silinda linavyopanda. Ndiyo maana kwa 0.8 gari langu lilitulia vizuri kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), ila nikilikanyaga mafuta mlimani kwenye gia ya tatu lilianza kumisi, yaani kukosa kuwaka kwa baadhi ya mipigo. Nilipozifunga hadi 0.64, ile misi ilikwisha bila kugusa kabureta wala taimingi. Kuna wanaofikiri kwamba wakizibana zaidi ya hapo watapata usalama zaidi. Mimi siwashauri: gepu finyu inatoa cheche fupi, na injini inatetemeka ikiwa kwenye sailensa kwa sababu mchanganyiko haushiki moto sawasawa.

Kupima ni kazi ya mkono mtulivu. Pindisha elektrodi ya pembeni tu, kwa kuigonga taratibu ikiwa inafungwa au kuivuta kwa ndoano ya geji ikiwa inafunguliwa. Usiegemeze kifaa kwenye elektrodi ya kati, kwa maana kauri inapasuka kwa ndani na hutauona ule ufa. Fila, yaani bamba jembamba la kupimia, ipite ikikwama kidogo tu, kama karatasi inayovutwa kati ya kurasa za kitabu kizito. Kwa plagi iliyotumika napendelea geji ya waya wa mviringo, kwa sababu elektrodi iliyolika inakuwa na kibonde na fila bapa inakidaraja, hivyo inakuonyesha gepu ndogo kuliko ilivyo.

Niliangalia pia za iridiamu. Ni plagi nzuri, zinadumu, na elektrodi yake nyembamba inahitaji volti chache. Lakini injini ya kabureta mara nyingi inachafua plagi kwa masizi kabla haijalika, kwa hiyo ule umri mrefu unaulipia bila kuutumia. Na ile ncha nyembamba inavunjika kirahisi mikononi mwa mtu anayependa kupima gepu, kama mimi.

Kufunga: injini iwe imepoa, pulizia uchafu kuzunguka tundu, anza kwa vidole hadi washa (pete ya chuma ya kuzibia) ikae. Kwa washa mpya ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, au newtonmita 25 hadi 35 kwa spana ya torki. Kaza pia ile nati ndogo ya juu kwa koleo kabla ya kuvalisha waya. Ikilegea inaleta misi ambayo utaihangaikia kwa kufungua kabureta.

Baada ya safari ya mwendo wa kasi nilizitoa nizisome. Kauri ilikuwa ya kahawia iliyopauka, plagi zote nne zikifanana, ingawa petroli isiyo na risasi huacha rangi hafifu kuliko ile inayoonyeshwa kwenye vitabu vya zamani. Ukikuta moja nyeusi na tatu safi, tafuta tatizo kwenye silinda hiyo, waya wake au vali zake. Plagi haina kosa.

Kama umeweka mfumo wa elektroniki na koili yenye nguvu, fungua gepu hadi 0.9. Na kama injini imechongwa hedi na kupewa kemshafti ya mbio, panda hadi BP7ES. Kwa barabara za kawaida hiyo itakuwa baridi mno na utaishia na masizi.